Tuzikumbuke Stesheni Zetu Kabla Katapila Halijafika

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi jioni mbele ya wakazi na wapenzi wa historia ya jiji la Dar es Salaam. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya stesheni. Ile kubwa ya vioo iliyoko katikati ya mji haina upungufu wa wasemaji; kila anayeshuka pale anatoa simu apige picha. Mimi nimekuja kuzisemea ndogo. Buguruni. Tabata. Mabibo. Ubungo Maziwa. Gongo la Mboto. Pugu. Na vile vituo vya upande wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mpaka Mwakanga. Baadhi yake ukimpeleka mgeni atageuka huku na huku, kisha atakuuliza, "Stesheni yenyewe iko wapi?"

Swali hilo linaniuma. Linaniuma kwa sababu ninyi nyote mnajua iko wapi, na mkiulizwa mnaweza kueleza kwa saa nzima, lakini hakuna mahali popote palipoandikwa.

Tuelewane tangu mwanzo. Sikuja hapa kupinga ujenzi. Tarehe 12 Aprili 2017 Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa, na aliliweka Pugu, huku huku kwetu pembezoni. Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kupeleka abiria Morogoro, na tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia akazindua safari za mpaka Dodoma. Nimeipanda treni hiyo na nimeifurahia. Kazi kubwa imefanyika. Na mji unaokua haraka namna hii hautaviacha vituo vidogo vya reli ya zamani vibaki vilivyo. Zamu yao itafika. Ifike. Mama mwenye mtoto mgongoni anastahili jukwaa lililo sawa na mlango wa behewa. Mzee mwenye mkongojo anastahili kupanda bila kuvutwa mikono na watu asiowajua. Mwenye kiti cha magurudumu anastahili kupanda, basi, maana leo hapandi kabisa.

Ninachoomba ni kwamba tukumbuke kwanza, ndipo tuvunje. Kukumbuka ni kazi kama kazi nyingine, na kazi hii ina msimu wake. Msimu wake ni kabla ya katapila.

Nianze na swali. Kati ya stesheni na mtaa, kipi kilitangulia?

Wengi tunadhani watu walikaa kwanza, kisha serikali ikawaonea huruma ikawaletea reli. Tazameni Nairobi. Mwezi Mei 1899 reli kutoka Mombasa ilifika mahali penye majimaji, wajenzi wakaweka kambi na ghala la vifaa vyao kabla ya kuanza kupanda milima. Mji wote ule tunaouona leo ulianzia kwenye kambi ya reli. Hapa kwetu Dar es Salaam palikuwa tayari na mji, lakini Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, waliuvuta mji uelekee bara. Reli ilipita porini. Pori likawa mashamba, mashamba yakawa viwanja, viwanja vikawa mitaa yetu. Pale Tabata kuna mahali panaitwa Relini hadi leo, na kondakta wa daladala anapaita hivyo hivyo, hana haja ya kueleza.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuvunja kituo cha zamani, tunazungumza juu ya kitu kilichokuwepo kabla ya nyumba zetu nyingi. Sisi ndio tulioikuta reli, na tuliikuta ikipita tu.

Hilo la kupita naomba nilikalie kidogo. Nani kati yenu alipanda treni ya mjini siku zile za mwanzo, mwaka 2012? Nyosheni mikono juu. Naam, naona, na wengine mmenyosha kabla sijamaliza kuuliza.

Tarehe 29 Oktoba 2012 treni ya abiria ya Dar es Salaam ilianza kwa njia mbili: moja kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Watu hawakusubiri kupewa jina. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, basi ikawa treni ya Mwakyembe. Wizara imepita mikono mingine, jina limebaki. Wiki mbili tu baadaye, Novemba 2012, wenzetu wa Nairobi walifungua stesheni yao ya Syokimau. Miji miwili imebanwa na foleni za magari zinazofanana, ikaikumbuka reli katika msimu mmoja.

Sasa fikirini. Reli ilikuwepo miaka na miaka. Mabehewa ya mizigo yalipita nyuma ya nyumba zetu usiku na mchana. Watoto waliyahesabu, akina mama walikimbia kuanua nguo. Reli haikuwa ngeni. Kilichokuwa kigeni ni treni kusimama. Ikasimama Buguruni. Ikasimama Tabata. Ikasimama Mabibo. Mtu aliyeishi kando ya reli maisha yake yote, siku hiyo kwa mara ya kwanza treni ilisimama kwa ajili yake.

Stesheni ni nini, ndugu zangu? Wahandisi watatupa jibu lao, nami naliheshimu. Jibu langu ni kwamba stesheni ni mahali treni inaposimama kwa ajili yako. Paa, benchi, dirisha la tiketi, hivyo vinakuja baadaye.

Nitawapa kisa cha binti mmoja, mtoto wa jirani yangu. Sitamtaja jina, leo ni mtu mzima na ana kazi yake. Wakati ule alikuwa sekondari, shule iko mjini. Mnaijua shida ya mwanafunzi na daladala. Konda anapiga hesabu zake: kila mwanafunzi aliyeketi amechukua nafasi ya mtu mzima mwenye nauli kamili. Basi mtoto anaondoka nyumbani gizani, anasimama kituoni, gari la kwanza linamwacha, la pili linamwacha, la tatu anaingia kwa kusukumana na kufika darasani vifungo vimekatika. Treni ilipoanza, mtoto yule alibadilika. Mama yake ndiye aliyeniambia. Alianza kuondoka nyumbani saa ileile kila siku. Alikuwa akirudia masomo yake ndani ya behewa, amesimama, daftari kaliegemeza kwenye dirisha.

Na pale kituoni palikuwa na mama muuza vitumbua na chai. Kila kituo kilikuwa na wake, mnawajua. Yule binti alikuwa akipita anamwamkia. Siku moja ya mvua kubwa mama yule alimtilia madaftari yake kwenye mfuko wa nailoni. Siku nyingine binti aliugua, hakuonekana. Siku ya pili hakuonekana. Siku ya tatu mama wa vitumbua alifunga biashara mapema, akaulizia mtaani mpaka akafika nyumbani kwao kumjulia hali. Hawakuwa na undugu. Walikuwa na kituo kimoja.

Sasa niambieni: mchoraji wa stesheni mpya akija kupima, atapima nini? Atapima urefu wa jukwaa, upana wa ngazi, kina cha mfereji wa maji ya mvua. Na apime, ndiyo kazi yake. Lakini ile kona ya mama wa vitumbua, pale watu walipokuwa wakipunguza mwendo, wakasalimiana, wakaulizana nani hajaonekana, nani ataipima? Kona ile haimo katika ramani. Kituo kipya kitakuja na maduka ya kupangisha, na mama yule hatakuwa na kodi ya pango. Hilo linaweza kuzuilika iwapo mtu atalisema wakati michoro bado ni karatasi. Mchoraji hawezi kuacha nafasi ya kitu ambacho hajaambiwa kuwa kipo.

Ndiyo maana nasema kukumbuka si kulia tu. Kukumbuka mapema kunaweza kubadilisha mchoro.

Naomba maji kidogo. Ahsante, mwanangu.

Jambo la pili ni gumu kidogo, nalo liko karibu sana na moyo wangu, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha. Ni kazi. Tunapokumbuka stesheni tunakumbuka jengo na abiria. Tunawasahau waliofanya kazi.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alianza enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na Shirika la Reli Tanzania. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia: kuhakikisha treni inayoingia stesheni inaelekea kwenye reli inayostahili. Alikuwa na msemo wake mmoja. Alikuwa akisema, "Treni mbili hazipishani njiani, zinapishana stesheni."

Mkiutafakari msemo huo mtaona uzito wake. Reli yetu ya zamani sehemu kubwa ni ya njia moja. Treni inayokwenda na inayorudi zinatumia chuma kilekile. Hakuna usukani, hakuna kukwepa, na treni nzito ikifunga breki inahitaji umbali mrefu ndipo isimame. Mahali pekee pa kupishana ni pale penye njia mbili, yaani stesheni. Kwa hiyo hata stesheni ndogo kabisa, yenye chumba kimoja na taa ya kandili, ndiyo iliyobeba roho za watu wa treni zote mbili.

Zilifanyaje kazi? Kwa karne nzima, katika reli za njia moja sehemu nyingi za dunia, kanuni ilikuwa hii: dereva haingii kwenye kipande cha njia mpaka awe na kibali cha kipande hicho mkononi. Mahali pengi kibali kilikuwa kifaa cha chuma, kimeandikwa majina ya stesheni mbili za mwanzo na mwisho wa kipande. Kifaa kilitoka katika mashine iliyofungwa kwa umeme na mashine ya stesheni ya pili, na kikishatoka kimoja, hakitoki kingine mpaka kile kirudishwe. Stesheni masta huku anawasiliana na mwenzake kule, wanakubaliana, kifaa kinatoka, kinakabidhiwa kwa dereva. Dereva anakisoma. Hilo la kusoma ndilo ninalotaka mlishike.

Tarehe 26 Januari 1921, huko Wales, kwenye stesheni ndogo ya kijijini iitwayo Abermule, treni ya kawaida iliingia ikitoka upande mmoja, wakati treni ya haraka ilikuwa njiani ikitoka upande wa pili. Zilitakiwa zipishane palepale. Wafanyakazi walikuwa wachache, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kufanya sehemu yake. Dereva wa treni ya kawaida alikabidhi kibali cha kipande alichotoka. Katika harakati za kupokezana, kibali kilekile kikarudishwa kwa dereva yuleyule kana kwamba ni kipya, cha kipande cha mbele. Hakuna aliyekisoma. Aliyekipokea hakukisoma, aliyekitoa hakukisoma, dereva hakukisoma. Treni ikaondoka kuelekea njia ambayo tayari ilikuwa na treni nyingine ikija. Watu 17 walikufa.

Mashine hazikuharibika. Kilichokosekana ni kuyatazama majina mawili yaliyoandikwa kwenye kipande cha chuma.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwona baba akisoma kila karatasi mara mbili, hata risiti ya duka, hata barua ya shule ambayo mama alikwisha kuisoma kwa sauti. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kuwa mikono yake ilikuwa imefundishwa na reli. Kazi ilimwingia mwilini, na alistaafu nayo.

Wazee wa namna hiyo tunao. Wapo humu ukumbini, nawaona watatu kutoka hapa niliposimama. Wapo waliopiga kengele za stesheni. Na katika stesheni nyingi za zamani kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, kinagongwa kwa nondo. Pigo moja lilikuwa na maana yake, mapigo mengi yalikuwa na maana nyingine. Wapo waliokuwa magadi wa treni, wakipunga bendera ya kijani mchana na taa usiku. Wapo wa gengi, lile kundi la kutengeneza njia, waliobadilisha mataruma juani, waliojua kwa kugonga na nyundo tu kama msumari umelegea. Wapo waliokata tiketi dirishani na kujua kwa sura nani anasafiri kwenda msibani.

Nani amewauliza? Nani ameketi nao na kuwauliza, "Mzee, ulikuwa unafanyaje?" Tumewaalika harusini, tumewapa viti vya mbele, tumewaamkia. Hatujawauliza. Stesheni ikivunjwa na wazee hawa wakatangulia, hata picha tukiwa nazo hatutajua ile kamba inayoonekana ukutani ilikuwa ya nini.

Sasa nitoke nje ya nchi kidogo, maana jambo hili limewakuta na wengine, nao walifanya vizuri na vibaya.

New York walikuwa na stesheni inaitwa Pennsylvania Station. Ilifunguliwa mwaka 1910. Nguzo kubwa za mawe, ukumbi wa kungojea wenye dari ya juu kupita kiasi. Mwezi Oktoba 1963 walianza kuivunja. Treni hazikuondoka, zilibaki chini ya ardhi zikiendelea kubeba watu wa vitongojini asubuhi na jioni, lakini ukumbi wa juu ulikwenda. Mawe na sanamu nyingi zilitupwa kwenye mabwawa ya New Jersey kama kifusi. Watu walipoona walichokifanya walishtuka, na mwaka 1965 jiji hilo likatunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria. Sheria hiyo ndiyo iliyokuja kuiokoa stesheni yao nyingine, Grand Central, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1978. Wapo wanaosema, basi, kuvunjwa kule kulileta heri. Mimi sikubaliani nao. Sheria ingeweza kutungwa bila kupoteza kitu kwanza.

London palikuwa na lango kubwa la mawe mbele ya stesheni ya Euston, lilijengwa miaka ya 1830. Watu waliomba lisivunjwe. Serikali ikakataa, na kati ya mwaka 1961 na 1962 likabomolewa. Inaelezwa kwamba mkandarasi mwenyewe wa kubomoa alijitolea kuyapa mawe namba ili siku moja lango liweze kusimamishwa tena. Hakukubaliwa. Mwaka 1994 mwanahistoria Dan Cruickshank aligundua mawe mengi ya lango lile yalikokwenda: yalitumika kujazia shimo chini ya mfereji mmoja mashariki ya London. Zaidi ya miaka 30 yalikuwa majini. Mtu aliyelipwa kuvunja ndiye aliyetaka kukumbuka, na wenye mamlaka ndio waliokataa hata kuandika namba juu ya jiwe. Hilo mimi limenishinda kulielewa hadi leo.

Kisa cha tatu kinanifurahisha, nacho ndicho kinachofanana na vituo vyetu kuliko vyote, kwa sababu hakihusu nguzo wala mahakama. Kinahusu stesheni ya kitongoji.

Pembezoni mwa Tokyo kuna mji unaitwa Kunitachi. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 kuibomoa Tokyo, kampuni ya ardhi ilipima mji mpya magharibi yake, chuo cha biashara kikahamia huko, na mwaka 1926 stesheni ikafunguliwa. Jengo dogo la mbao, paa jekundu la pembe tatu. Halikuwa na lolote la kutisha. Wanafunzi walikutania hapo, wafanyakazi waliondokea hapo asubuhi na kurudi hapo usiku, watoto wa shule walilichora. Miaka ikaenda. Ikaamuliwa reli iinuliwe juu ya nguzo ili barabara zipite chini bila kungoja treni. Jambo la maana, kila anayesubiri geti la reli anajua. Lakini stesheni ya zamani ilikuwa imekaa katikati ya kazi.

Wakazi wakasema nini? Hawakusema msijenge. Walisema mtuachie paa letu. Mwaka 2006 jengo likafunguliwa kipande kwa kipande, mbao zikahifadhiwa. Likakaa hivyo, ndugu zangu, miaka 14 ghalani. Mabaraza yalibadilika, bajeti ilibishaniwa, wakazi wakachanga. Aprili 2020 jengo lilisimama tena karibu kabisa na pale lilipokuwa, kwa mbao zake nyingi zilezile, na leo ni mahali pa watu kukaa na kujifunza habari za mji. Treni zinapita juu, nyuma yake. Kipya kipo, cha zamani kipo, hakuna kilichomzuia mwenzake.

Mwaka uleule wa 2020, katika jiji lilelile, stesheni ya Harajuku, jengo la mbao la mwaka 1924 lililoponea vita, ilipata jengo jipya kando yake na la zamani likaanza kuvunjwa kwa sababu mbao zake hazikufikia kanuni za kuzuia moto. Waliahidi kujenga linalofanana kwa vifaa visivyoshika moto. Sababu ya moto naiheshimu. Hata hivyo nikiulizwa nichague, nachagua zile mbao zilizokaa ghalani miaka 14.

Mtaniambia: Mwalimu, sisi hatuna jengo la paa jekundu. Vituo vyetu vingine ni jukwaa tu na kibao. Kweli kabisa. Na ndiyo maana hatari yetu ni kubwa zaidi. Mwenye jengo zuri atapata wa kumtetea. Chetu kikiondolewa hakitaacha hata kifusi cha kutosha kujazia mfereji. Kilicho chetu kimo katika vichwa vya watu na katika vitu vidogo: tiketi iliyobaki mfukoni mwa koti, picha ya harusi ambayo nyuma yake inaonekana behewa, kibao cha jina la kituo, ratiba iliyobandikwa ukutani.

Vitu hutunzwa na watu waliokataa kuvitupa. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Mle ndani kuna behewa ambalo mwezi Juni 1900, pale Kima, simba aliingia usiku na kumuua ofisa wa polisi Charles Ryall, aliyekuwa akimvizia simba huyohuyo. Watoto wa shule wakifika hapo hawabanduki. Nafurahi behewa lile lipo. Natamani pia, karibu yake, ingekuwepo sauti ya mkata tiketi wa miaka ya sitini akieleza Jumatatu yake ilivyokuwa. Tumezoea kutunza habari za simba na za wakubwa. Wa dirishani hatujamtunza, na ndiye aliyeonana na watu wengi kuliko wote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu tulifungue sasa. Kwa namna gani?

Kwanza sauti, kwa sababu sauti ndiyo inayokufa haraka. Kila mmoja wenu ana simu inayorekodi. Kaeni na mzee, muulizeni mambo ya mikono: ulianza kwa kushika nini, ulifuatia nini, ukikosea inakuwaje. Msimuulize "reli ilikuwaje zamani," atawapa hotuba, kama mimi hapa. Muulizeni asubuhi moja kuanzia alipoamka. Rekodini na kituo chenyewe: honi, magurudumu, wauzaji, mlio wa mabehewa yakifunga breki.

Halafu vipimo. Tunao vijana wa ufundi na wa chuo cha ardhi humu. Shikeni futi kamba, pimeni jukwaa, benchi, dirisha, umbali kutoka kwenye reli hadi kwenye mti wenye kivuli ambacho watu hungojea chini yake. Chora ramani na uandike nani alikuwa akikaa wapi: hapa vitumbua, hapa magazeti, hapa fundi viatu, hapa wanafunzi. Ramani hiyo ikikamilika iende kwa wanaopanga ujenzi, iende mapema, ikiwa na majina ya wakazi na sahihi zao. Hilo ndilo ninalolitilia mkazo kupita yote. Wapeni watu wa michoro kitu cha kuchora.

Picha mtapiga, hilo halihitaji kufundishwa. Nawaomba tu mpige zenye watu, kwa ruhusa yao, na nyuma ya kila picha muandike tarehe na nani ni nani.

Na tuombe, kwa heshima na kwa maandishi, kwamba siku ya kuondoa vibao vya majina, kengele na madaftari ya zamani, vitu hivyo visiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuulizwa. Ombi hilo halina gharama. Linahitaji barua moja na mtu wa kuifuatilia, na mtu wa kuifuatilia ninamtafuta kati yenu jioni hii.

Tutaanza Jumamosi ijayo, saa moja na nusu asubuhi, kituo cha Buguruni, kabla jua halijawa kali. Nimewaomba wazee wangu watatu wa reli waje, wamekubali. Vijana, kila mzee apatiwe kiti, maji na mtu mmoja wa kumsikiliza asiyeshika shughuli nyingine. Wenye futi kamba ndefu wazilete. Mwenye tiketi ya zamani, picha au barua, asiniachie. Ailete tuipige picha, kisha aondoke nayo nyumbani. Daftari la kujiandikisha liko pale mlangoni kwa katibu, na ukurasa wake wa kwanza bado ni mweupe. Ahsanteni sana.